Machipuko Yao, Masika Yetu

Kitale haina machipuko. Ina kiangazi cha Januari na Februari, vumbi jekundu likipanda hadi madirishani, kisha ina masika yanayofungua mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia kati ya Machi na Aprili. Hata hivyo, anayetaka kuielewa ile siku ya machipuko ambayo watu wa Ulaya huipenda mno, siku ya kuamka alfajiri, kutundika darubini shingoni na kwenda hifadhi ya jirani kuwasikiliza ndege waliorudi, hana mahali pazuri pa kuanzia kuliko hapa. Wanaopokelewa kule ndio tunaowaaga huku. Mbayuwayu aliyetua kwenye waya wa umeme kando ya barabara ya Kapenguria mwishoni mwa Machi ana safari mbele yake. Wiki chache baadaye mwenziwe ataonekana juu ya zizi la ng'ombe Uingereza, na mtu ataiandika tarehe hiyo daftarini kwa furaha.

Nimeshinda siku ya namna hiyo upande wetu, nikianzia Kitale na kuteremka hadi Bungoma, na nikarudi na hakika moja. Tunapolinganisha desturi za watu kuhusu ndege, huwa tunapima nani anawapenda zaidi. Kipimo hicho hakitufikishi mbali. Afadhali tutazame swali ambalo kila desturi humuuliza ndege. Mwenye darubini huuliza: wewe ni nani? Mkulima wa Bungoma huuliza: umeleta nini? Maswali haya mawili yamezaa elimu mbili tofauti, na kila moja imemwaga damu yake.

Mvua ya kwanza ikishanyesha na jua likatoka, kumbikumbi hufumuka vichuguuni. Wabukusu huwaita chiswa. Akina mama na watoto hufunika kichuguu, hugonga ardhi kwa vijiti kama mvua inayodondoka ili kuwaita watoke, na jioni wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Juu ya vichwa vya watoto hao karamu ni hiyo hiyo: mbayuwayu wanapita wakidaka, wala-nyuki wanarukaruka kutoka kwenye waya, mwewe anachota kwa makucha na kula akiwa angani. Ndege msafiri hujaza mwili mafuta kabla ya kuondoka, na mafuta hayo ndiyo akiba ya kuvukia Sahara. Kwa hiyo wimbo unaosifiwa kule katika asubuhi ya Mei una chembe ya chiswa wa huku ndani yake. Sijaona desturi ya Ulaya inayolitaja hilo, wala yetu.

Kule Ulaya, kwa karne nyingi, ndege hawa walikuwa fumbo. Aristotle alidhani baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi. Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne, ambaye kitabu chake cha mwaka 1789 ndicho baba wa mapenzi ya Waingereza kwa ndege wa jirani, alikuwa na masikio makali kiasi cha kutenganisha kwa sauti ndege watatu wadogo waliofanana mno, ambao wengine waliwahesabu kuwa mmoja. Lakini hata yeye hakuacha kabisa kuwaza kwamba huenda mbayuwayu wengine hulala msimu mzima palepale Uingereza. Alijua kila kilichotukia ndani ya parokia yake. Nje ya parokia, giza.

Giza hilo lilitobolewa na mkuki. Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umemchoma shingoni, na mkuki wenyewe ulikuwa wa mti wa Afrika. Ndege huyo alikuwa ameruka nao hadi nyumbani kwake kwa machipuko. Yupo mpaka leo, amekaushwa, katika mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Rostock. Ushahidi wa pete ulikuja baadaye sana: mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire mwezi Mei 1911 alikamatwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Vitabu vya Ulaya humsimulia korongo wa Klütz kama ajabu ya ndege. Mimi namfikiria aliyerusha mkuki. Yeye alimjua korongo yule kama nyama iliyoshuka shambani katika majira yake, na bila kukusudia akapeleka barua iliyojibu swali lililowashinda wanafalsafa tangu Ugiriki ya kale. Jina lake halikuandikwa popote.

Swali la “wewe ni nani” lina nyumba yake Kitale. Ni Makumbusho ya Kitale, yaliyoanza kama makumbusho binafsi ya Kanali Hugh Stoneham mwaka 1926, mwaka uleule reli ilipofika mjini. Stoneham alikusanya wadudu, ndege na vitabu maisha yake yote, akafariki mwaka 1966 na kuliachia taifa mkusanyiko wake, na jengo jipya likafunguliwa mwaka 1974. Kuna kitu kinachobana kifua ukisimama mbele ya ndege waliokaushwa. Rangi zimebaki, sauti hakuna. Huo ulikuwa ndio utaratibu wa enzi hizo duniani kote: ili umjue ndege kwa hakika ulimpiga risasi kwanza. Mwingereza Edmund Selous, aliyekuwa ameanza kama mwindaji, alitoa kitabu mwaka 1901 akitetea kumtazama ndege akiwa hai. Kabla yake, mwaka 1889, wanawake wa Uingereza walikuwa wameanzisha chama cha kupinga biashara ya manyoya ya kofia, kilichokua na kuwa chama kikubwa cha ulinzi wa ndege nchini mwao. Kwa hiyo ule upole wa darubini tunaouona leo una umri mdogo. Ulitokana na aibu, na naamini aibu hiyo ni moja ya mambo ya heshima katika historia ya Ulaya.

Sitaki mtu aelewe kwamba darubini ni ya wageni. Chama ambacho leo kinaitwa Nature Kenya kilianzishwa na walowezi na maofisa wa kikoloni mwaka 1909, lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 Fleur Ng'weno ameongoza matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Nairobi, na humo wamepita vijana wengi wa Kenya waliokuja kuwa waelekezi na watafiti. Nyuma ya Makumbusho ya Kitale kuna njia ya miguu inayoingia kwenye kipande cha msitu wa asili, na pale kila mtu ni mwanafunzi sawa. Hondohondo wa rangi nyeusi na nyeupe akipita juu, mabawa yake yanavuma kwa kishindo, na hakuna anayeweza kuendelea kuzungumza.

Ukishuka kuelekea Kimilili na Webuye, swali linageuka. Hapa sauti ya dudumizi, ile ya kububujika kama maji yanayomiminwa kutoka chupani, haihitaji mwenyewe aonekane. Inasikilizwa na anayetengeneza jembe. Dudumizi akilia kwa kurudiarudia, wazee husema mvua iko njiani, na mbegu ya mahindi inatolewa gunia lilipo. Wataalamu watasema ndege huyo huanza kuita kwa sababu msimu wake wa kuzaa hufuata unyevu. Sawa. Mkulima naye hajawahi kudai kwamba ndege ndiye anayeileta mvua kwa mabawa yake. Anachodai ni kwamba ndege ametangulia kujua, na katika hilo wako pamoja.

Mfano mzito zaidi ni wa kware, ambaye Waluhya humwita isindu. Katika Siaya, Kakamega na Busia watu wamekuwa wakisimamisha mlingoti mrefu wenye vitundu vilivyofumwa kwa vijiti, kimoja juu ya kingine, kila kitundu na dume lake. Madume hao huita usiku na alfajiri, na kware wa porini wanaohama kufuata mvua hushuka kwenye nyasi zilizotegwa vitanzi. Mtu wa darubini ataona ukatili, na kitanzi ni kitanzi. Lakini fikiria elimu iliyomo: kujua ni dume yupi mwenye sauti ya kuvuta wenzake kutoka mbali, kumlisha na kumtunza misimu kadhaa, kuweka mlingoti mahali upepo utakapobeba wito, kujua usiku gani wapo hewani. White na masikio yake angekaa chini ya mlingoti huo akanyamaza. Wakati biashara ya mayai ya kware ilipolipuka Kenya mwaka 2013 na kuporomoka mara moja baada ya hapo, waliopata hasara wengi walikuwa wamemjua kware kwenye matangazo tu. Wale wazee wa mlingoti walimjua kama msafiri, na msafiri huja na kuondoka.

Desturi yetu ina doa, na doa lenyewe ni bundi. Anayemuuliza ndege ameleta nini ataogopa siku moja kwamba ameleta msiba. Bundi akilia juu ya paa anatupiwa mawe na vijinga vya moto, na mti aliokuwa akilala hukatwa. Athene ya kale ilimweka bundi huyohuyo kwenye sarafu zake kama ndege wa mungu wa hekima. Sisemi Wagiriki walikuwa bora. Wao pia walisoma mikosi katika mruko wa tai. Ila inafaa kukumbuka kwamba hofu ya bundi ni kitu kinachoweza kubadilika hata miongoni mwetu: upande wa Nyeri wako wakulima waliowalinda bundi wakubwa wa milimani kwenye majabali yao, na wageni huja kuwatazama kwa malipo. Bundi hula panya wanaokula mahindi. Katika kaunti za mahindi kama zetu, kumpiga mawe ni kumfukuza mlinzi wa ghala.

Kuna desturi ya tatu ambayo msomaji wa Kiswahili anaijua tangu madrasa, na nadhani ndiyo inayoonyesha njia ya kutoka kwenye doa hilo. Katika Sura ya An-Naml, Nabii Suleiman anakagua jeshi lake la ndege na kumkosa hudihudi. Anaahidi adhabu kali, isipokuwa ndege aje na sababu ya wazi. Hudihudi anarudi na habari za Malkia wa Saba na watu wake wanaolisujudia jua. Suleiman hamwamini papo hapo, wala hamchinji kwa kuleta habari nzito. Anampa barua apeleke, ili ukweli wake upimwe. Mshairi Mwajemi Attar, katika karne ya 12, alimchukua hudihudi huyo na kumfanya kiongozi wa ndege wote wanaomtafuta mfalme wao, na karne nyingi kabla yake Aristophanes wa Athene alikuwa amemweka katika tamthilia yake ya ndege ya mwaka 414 kabla ya Kristo, naye humo ni mfalme wa zamani aliyegeuka ndege. Hudihudi hutembea kwenye nyasi fupi za Kitale akichoma udongo kwa mdomo mrefu, kishungi kikifunguka na kufunga. Hakuna kishungi kingine kilichobeba maana nyingi hivyo katika lugha nyingi hivyo. Ninalolichukua kwake ni lile la barua: ndege asikilizwe, kisha habari yake ipimwe.

Na imepimwa. Katika Chepkitale, kwenye nyanda za juu za Mlima Elgon upande wa Bungoma, Waogiek wameishi kwa asali na mifugo tangu zamani, na kwa mrina asali mlembe ni mwenzi wa kazi. Ndege huyu mdogo wa rangi ya kijivu humwendea mtu, hupiga kelele, huruka mti hadi mti mpaka penye mzinga wa nyuki wa porini, kisha hungoja masega yake. Wasomi wengi waliisikia habari hii na kuihesabu hadithi ya kijijini. Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, waliifuatilia kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kuchapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 1989. Warina asali wasioongozwa na ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja katika eneo wasilolizoea. Walioongozwa walitumia saa 3.2. Zaidi ya hapo, walithibitisha kauli za Waborana kwamba ndege huonyesha upande, umbali na kufika. Waborana wenyewe humwita kwa mluzi mkali uitwao fuulido. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha kwamba sauti maalumu ya Wayao wa Niassa, Msumbiji, hupandisha uwezekano wa kuongozwa kutoka kama theluthi moja hadi theluthi mbili.

Hapa maswali mawili yalikutana katika kazi moja. Isack alikuwa na saa na daftari, lakini swali alilolibeba lilikuwa la mrina asali. Laiti makumbusho yetu yangefanya hivyo kwa dudumizi! Shamba la Trans Nzoia lina tarehe za mvua, lina wazee wanaokumbuka sauti, na hakuna anayeziweka kando kwa kando. Wakati huohuo, katika sehemu za Afrika ambako watu wameacha kurina asali ya porini na kununua sukari dukani, watafiti wameripoti kwamba mlembe naye ameacha kuwaongoza. Elimu ya aina hii haihifadhiki katika droo.

Nimeiacha Saiwa hadi sasa kwa kuwa ndiko makutano hayo ya maswali mawili yanakopimwa kwa gharama. Hifadhi ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa, kama kilomita 20 na kidogo kutoka Kitale, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba tatu tu, na ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Ilitengwa mwaka 1974 ili kumlinda nzohe, swala wa majini. Hakuna gari linaloingia. Unatembea kwa miguu, unapita juu ya mbao zilizotandazwa kwenye matope, unapanda jukwaa la mbao na kungoja. Kulukulu wa zambarau akifungua bawa, wekundu wake unawaka katikati ya kijani kibichi. Kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe, anakutazama kutoka kwenye mti wa kando ya maji. Kutoka juu ya jukwaa unaona pia mwisho wa hifadhi, maana uko pale pale: mafunjo yanakoma, mahindi yanaanza.

Na kati ya mafunjo na mahindi yuko korongo taji, yule aliye kwenye bendera ya Uganda. Hujenga tago lake kinamasini, hulala mtini, jambo lisilofanywa na makorongo wa mabara mengine, na mchana hutafuta riziki mashambani. Kwa swali la “wewe ni nani” jibu lake ni la huzuni: tangu mwaka 2012 yumo kwenye orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka, idadi yao ikiwa imepungua zaidi ya nusu katika kizazi cha mtu mmoja. Kwa swali la “umeleta nini”, mkulima ana majibu mawili. Anakula wadudu. Pia anafukua mbegu ya mahindi iliyopandwa jana, akifuata mstari kwa makini. Wapo waliompa sumu. Tusiwaite wakatili upesi. Mbegu ya Aprili ni ada ya shule ya mwaka ujao.

Wajapani walipita njia hii. Kwa Waainu wa Hokkaido, korongo wa utosi mwekundu ni mungu wa kinamasi. Hata hivyo aliwindwa na vinamasi vyake vikakaushwa hadi ikadhaniwa ametoweka nchini, kabla ya wachache kuonekana tena katika kinamasi cha Kushiro mwaka 1924. Hesabu ya mwaka 1952 ilipata ndege 33. Katika baridi kali ya miaka hiyo wakulima walianza kuwamwagia mahindi thelujini, serikali ikajiunga, watalii wakafuata, na leo idadi yao Hokkaido ni zaidi ya elfu moja. Zao lilelile linalomfanya korongo wetu kuwa adui ndilo lililomwokoa ndugu yake. Tofauti ilikuwa ni nani analipia punje. Kushiro walilipa wengi, kwa sababu wengi walitaka kumwona akicheza ngoma yake kwenye theluji.

Kipsaina, kando ya Saiwa, wanakijiji hawakungoja. Kikundi cha uhifadhi wa makorongo na vinamasi kilichoanzishwa huko miaka ya 1990 kimefundisha majirani, kimepanda miti ya kienyeji, na kimehimiza mabwawa ya samaki na mizinga ya nyuki ili mtu apate riziki kutoka kinamasini bila kukikausha. Maji wanayoyalinda huteremka hadi mto Nzoia na kuanguka Nabuyole, Webuye, hivyo mtu wa Bungoma anayechota maji huko anakula jasho la watu wa Kipsaina asiowajua. Wamefanya sehemu yao. Kinachokosekana ni mahindi ya Kushiro. Mgeni anayelipa kiingilio kumwona korongo ahakikishiwe kwamba kiasi fulani kinarudi kuwa mbegu kwa aliyefukuliwa, kwa hesabu inayojulikana na kila jirani, ilipwe kabla mvua haijakata ili apande tena. Na ianze na mashamba yanayopakana na mafunjo, kwa kuwa hao ndio korongo huwashukia kwanza asubuhi.